Waya Uliozimwa Si Waya Uliokufa



Sheria ya Nishati ya mwaka 2019 imempa mwenye mtambo wa jua njia ya kupeleka stima inayobaki katika nyaya za umma, kwa mapatano. Ni jambo jema. Lakini sisi watu wa reli twajua: njia ni moja, treni haiingii bila kibali.

Mtambo sharti ulingane na nyaya: volti sawa, mizunguko 50 kwa sekunde, mawimbi yaende pamoja. Stima ya umma ikizimwa, mtambo ujikate wenyewe mara moja. Usipojikata, fundi juu ya nguzo hudhani waya umekufa, kumbe u hai.

Basi tudai swichi yenye kufuli, ufunguo akae nao fundi. Waya upimwe, uunganishwe na ardhi, ndipo mkono uguse. Asiharakishwe mtu.