Futi Kabla ya Leza: Somo la Utengenezaji wa Kidijitali katika Vyuo vya Kwale



Chuo cha ufundi kikipata fedha za vifaa siku hizi, kitu cha kwanza kutajwa ni printa ya 3D. Naelewa sababu. Inapendeza machoni, na mgeni rasmi akija kuna cha kumwonyesha. Lakini kwa vyuo vyetu vya Kwale nina rai nyingine: somo hili lianzie kwenye kupima na kuchora, makao yake yawe karakana ya useremala, na mashine ya kwanza kununuliwa iwe ya kukata. Printa ije baadaye.

Somo lenyewe lina historia fupi. Mwaka 1998, Neil Gershenfeld alianzisha darasa katika chuo cha MIT, Marekani, la kufundisha jinsi ya kutengeneza karibu kila kitu. Alitarajia watafiti wachache, wakaja wengi ambao hawakuwa wahandisi kabisa. Kutoka hapo zikazaliwa karakana za utengenezaji wa kidijitali katika nchi nyingi, mojawapo ikiwa katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Nairobi ndiko Roy Ombatti, akiwa mwanafunzi wa uhandisi, alikobuni viatu vya kuchapwa kwa ajili ya watu walioharibiwa miguu na funza, kisha akaanzisha kampuni ya AB3D iliyounda printa kwa kutumia vipuri vya vyombo vya umeme vilivyotupwa. Hapo mashine ilikuja kuutumikia mguu wa mtu.

Sisi wa Pwani elimu ya ufundi si ngeni kwetu. MIOME, chuo cha Waislamu kilichofunguliwa Mombasa mwanzoni mwa miaka ya 1950, kilikusudiwa hasa kuwapa vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki elimu ya ufundi. Ndicho kilichokuja kuwa Mombasa Polytechnic mwaka 1972, na tangu 2013 ni Technical University of Mombasa. Mwaka huohuo wa 2013 serikali za kaunti zilianza kazi, na vyuo vya ufundi vya vijijini vikawa mikononi mwao. Kwa hiyo uamuzi kuhusu vifaa gani vinunuliwe tunaweza kuufanya wenyewe papa hapa.

Sasa niingie kwenye somo lenyewe, na nichukue kifaa ambacho kila mtoto wa Gazi na Msambweni anakijua: dema. Wasukaji huusuka mtego huu kwa matundu ya pembe sita, na samaki akishaingia hatoki, awe mkubwa au mchanga. Watafiti wa bahari, wakishirikiana na wavuvi wa pwani ya Kenya, walijaribu kuuwekea upenyo mwembamba uliosimama wima, wa upana wa sentimita 3 au 4 na urefu wa 30 hivi. Samaki wachanga na wale wembamba wasio na bei wakapata njia ya kutoka, na waliobaki wakawa wakubwa zaidi kwa wastani. Ni badiliko dogo sana. Nami sijaona mfano bora zaidi wa ubunifu wa kumfundishia kijana wa Kwale.

Kazi ya kwanza ya muhula iwe hiyo. Mwanafunzi aende bandarini asubuhi wavuvi wanaporudi, aombe ruhusa, apime unene wa samaki aina ya tasi kwa kalipa, mmoja baada ya mwingine, wakubwa kwa wadogo, aandike. Akirudi darasani achore fremu ya upenyo kwa penseli, kisha aichore upya kwenye kompyuta. Aikate, ampelekee msukaji, na amsikilize vizuri anapomweleza kwa nini fremu hiyo haikai kwenye fito zake. Hapo atajua milimita 5 ni nini. Upenyo ukizidi, tasi wa kuuza amekwenda. Ukipungua, mchanga amebaki ndani. Kijana aliyepita hatua hii hatauliza tena kuchora kuna faida gani.

Mashine ya leza nayo ina somo lake la kipimo. Mwale wake hula mbao, mara nyingi sehemu 1 au 2 za kumi za milimita, hata zaidi kutegemea mbao yenyewe. Ukichora kiungo cha ulimi na tundu bila kuhesabu ulaji huo, kitalegea. Tena plaiwudi inayouzwa kama ya milimita 6 mara nyingi si 6 kamili, na unyevu wa masika huivimbisha. Dawa ni kukata kwanza kipande chenye meno kama kitana, kila tundu likiwa limepishana upana kidogo na mwenzake, kisha kujaribu ni lipi linalobana bila nyundo. Kazi hiyo ni ya dakika chache, na huokoa bodi nzima.

Kwa nini nasisitiza kukata? Kwanza, soko. Hoteli na nyumba za wageni za Diani zinahitaji viti, vitanda, mabango ya majina, na viambaza vya nakshi vinavyopitisha upepo. Seremala wa Ukunda akiagizwa viti 40 vinavyofanana, kinachomchosha ni kule kufanana. Mashine ya CNC, yaani ya kukata inayoongozwa na kompyuta, itamkatia vipande vya viti hivyo sawasawa, naye abaki na kuunga, kulainisha, na kurekebisha macho ya mbao. Kuhusu nakshi nina msimamo: fundi wa nakshi aalikwe afundishe kabla mchoro wake haujaingizwa kwenye kompyuta, alipwe, na jina lake liandikwe kwenye faili. Tusimfanye mzee wa watu chanzo cha bure cha mapambo.

Pili, hali ya hewa na stima. Plastiki ya PLA, inayotumika sana kwenye printa, hulainika kwenye nyuzi 60 hivi. Kishikio cha simu kilichoachwa juani ndani ya matatu iliyofungwa vioo kitapinda. Uzi wake hunyonya unyevu, na sisi tunaishi ndani ya unyevu. Zaidi ya hapo, kuchapa kitu cha saa 9 halafu stima ipotee saa ya 8 ni hasara ya siku nzima, ilhali kukata ni kazi ya dakika. (Leza ina hatari yake: PVC isiwekwe humo kamwe, maana hutoa moshi wa sumu unaokula mapafu na vyuma vya mashine yenyewe. Hilo liandikwe ukutani.)

Programu si kikwazo. FreeCAD na Inkscape ni za bure na hufanya kazi bila intaneti zikishapakuliwa.

Kuna hazina moja tunaipita kila siku: idara ya ushonaji. Msichana anayekata patani bapa ya kitambaa, ikashonwa na kukaa vizuri kwenye bega la mviringo, tayari anajua jambo ambalo wengi wa useremala watahangaika nalo mwaka mzima, yaani kutoa umbo kwenye bapa. Yeye ndiye awe wa kwanza kukalia kompyuta ya kuchorea. Tukiliacha somo hili liwe la wavulana kwa sababu lina mashine, tutakuwa tumewaacha nje wanafunzi waliojiandaa vizuri kuliko wote.

Kwenye tathmini, mfumo wa mafunzo ya umilisi unatudai ushahidi wa kazi. Tuombe daftari: vipimo vya bandarini, michoro iliyokataliwa, kitana cha majaribio, na maneno ya msukaji. Kitu kilichokamilika peke yake hakituonyeshi nani alifikiri.

Nimalizie na pendekezo ambalo naomba lijadiliwe mchana huu. Vyuo viwili au vitatu vinunue mashine moja ya kukata kwa ushirikiano, na Jumamosi karakana ifunguliwe kwa mafundi wa nje wanaolipia muda na kuleta mbao zao, wanafunzi wakiwa wasaidizi wao. Fedha hizo zinunue vichwa vya kukatia na kulipa bili ya stima. Yanayobaki kuamuliwa ni mawili: mashine ikae wapi ili mwanafunzi wa Kinango asitumie nauli kubwa kuliko wa Diani, na nani atashika ufunguo siku hiyo ya Jumamosi.