Utunzaji wa Hema na Vyombo vya Safari
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa mwezi)



Katibu aliponiomba nizungumze jioni hii juu ya utunzaji wa vyombo vya safari, nilidhani ananifanyia mzaha, maana wengi wenu mwamjua aliyeliharibu hema la Chama. Kwa wasiomjua, ni mimi.

Hema lile lilinunuliwa kwa michango yetu. Nililiazima wakati wa masika, nikalikunja alfajiri likiwa na umande, na nilipofika mjini nikalitia ghalani vivyo hivyo, kwa haraka ya kufunga hesabu zangu. Baada ya wiki 7 mwenzetu mmoja alilichukua kwenda kuhesabu mifugo. Usiku wa pili upepo ulivuma, turubali likapasuka juu ya kichwa chake kama karatasi iliyoloa, na daftari lake likalowa hata wino ukatiririka. Ilimpasa kuyarudia maboma 19 kwa miguu, tena akatakiwa aandike barua ya kujieleza. Akaiandika, wala jina langu hakulitaja.

Tangu hapo nimejifunza niliyopaswa kuyajua kabla. Turubali la pamba haliozeshwi na mvua, bali na kufungiwa pamoja na unyevu. Koga ni jamii ya uyoga, nayo hula nyuzi za pamba zenyewe. Madoa meusi tuyaonayo ni dalili kwamba karamu imekwisha kuanza. Ikiwa huna budi kulikunja bichi, likunje, lakini ufikapo litandaze siku ile ile, wala usilirudishe mfukoni hata mishono na mapindo yamekauka, kwani huko ndiko maji hujificha. Turubali jipya lafaa liloweshwe na kukaushwa kabla ya safari ya kwanza: nyuzi za pamba huvimba zipatapo maji, na matundu ya sindano yakazibika. Msilifue kwa sabuni ya unga, maana huiondoa dawa ya kuzuia maji. Brashi laini na maji matupu yatosha.

Vijana wataniambia kwamba mahema ya siku hizi ni ya nailoni, nayo hayaozi. Ni kweli koga haili nailoni. Lakini ndani yake imepakwa utando mwembamba wa kuzuia maji, na utando huo, ukikaa katika unyevu na joto, huharibika, ukanata mkononi na kutoa harufu mbaya. Tena jua kali huidhoofisha nailoni yenyewe. Basi ikausheni kivulini, penye upepo.

Koti la mvua lina historia yake. Mwaka 1823 Charles Macintosh alipata hataza Uingereza kwa nguo yenye mpira katikati ya vitambaa viwili. Ikawa yanata wakati wa joto na kukakamaa wakati wa baridi. Makoti yetu ya leo ni bora kuliko hayo, lakini mengi huchafuka kwa jasho na mafuta ya mwili, na matone ya mvua yakaacha kuteleza juu yake. Mwenye koti hudhani limekwisha, akanunua jingine. Mara nyingi lataka kuoshwa tu kwa sabuni isiyo kali, kusuuzwa mpaka povu lote litoke, na kupewa joto kidogo kama kibandiko chake kinavyoruhusu.

Juu ya buti za ngozi nitasema neno moja: ziwekeni mbali na moto. Nimeona buti njema zikipasuka kwa usiku mmoja kando ya mafiga. Zitoeni tope na kamba, mzijaze magazeti makavu, mkayabadilishe yakilowa. Zikikauka, zipakeni nta. Mabaki ya mshumaa yafaa kwa zipu, baada ya kuupiga brashi mchanga.

Hema jipya limefika juma lililopita, nami nimelipia fungu langu na fungu la yule mwenzetu. Katibu ameniachia ufunguo wa ghala. Mfukoni nimefunga kadi. Kila alirudishaye hema ataandika humo jina lake na siku aliyolianika. Jumamosi saa tatu asubuhi nitalilowesha kwa mara ya kwanza katika uwanja wa Chama, nami nahitaji watu wanne wa kushika kamba.