Furaha ya Mkristo Katika Shida: Mada ya Semina kwa Viongozi wa Makanisa, Ngara na Biharamulo

Tarehe 20 Januari 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza jijini Dodoma kwamba mgonjwa mmoja kutoka Biharamulo, mkoani Kagera, amethibitika kuwa na virusi vya Marburg. Mlipuko ulipotangazwa kwisha tarehe 13 Machi, hesabu ilisimama kwa watu 10, wawili waliothibitishwa na vipimo na wanane waliodhaniwa kuwa nao waliugua ugonjwa huo. Wote walifariki.

Marburg huambukiza kwa kugusa damu na majimaji mengine ya mgonjwa, na mwili wa marehemu nao huambukiza. Kwa hiyo yale ambayo Mkristo wa Kagera hufanya kumfariji mwenzake, yaani kumshika mgonjwa, kumwosha marehemu, kukumbatiana msibani, ndiyo hasa yaliyopaswa kuachwa. Mada hii inaanzia hapo kwa makusudi. Mahubiri kuhusu furaha yasiyoweza kusimama mbele ya kaburi la namna hiyo hayana kazi Biharamulo.

Mtume Paulo, anayenukuliwa kila furaha inapohubiriwa, aliwaandikia Wafilipi akiwa mfungwa. Wasomaji wengi huipita sura ya pili haraka mno. Humo Paulo anaeleza kwamba Epafrodito aliugua karibu ya kufa, na kwamba kama angekufa, yeye Paulo angepata huzuni juu ya huzuni. Katika sura ya tatu anakiri kwamba anaandika huku akilia. Epafrodito mwenyewe alikuwa ametumwa na Wafilipi, akiwa na msaada wao kwa mfungwa. Basi aliyeagiza watu wafurahi alikuwa mtu mwenye machozi, aliyelishwa na kutunzwa na wenzake. Furaha yake ilikuwa na watu nyuma yake.

Kagera ina urithi wake katika jambo hili. Uamsho wa Afrika Mashariki uliwaka Gahini, nchini Rwanda, katika miaka ya 1930, na kabla ya muongo huo kwisha ulikuwa umevuka mpaka hadi Katoke, kwenye chuo cha walimu cha wamisionari wa CMS kutoka Australia. Walokole, yaani wafuasi wa uamsho huo, walijulikana kwa nyuso zao za furaha na kwa pambio la Kiganda, Tukutendereza. Lakini pambio hilo liliimbwa baada ya mtu kusimama mbele ya ndugu na kutubu: aliyeiba akarudisha, aliyemchukia jirani akaenda kumwomba radhi. Ndugu walikutana tena na tena, wakaulizana hali, wakaombeana. Ukweli ulitangulia, wimbo ukafuata.

Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari ya Rwanda, mpangilio huo ulipimwa kwa namna ya kutisha. Tarehe 28 na 29 Aprili, katika muda wa saa 24 hivi, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara, wengi kuliko wakazi wote wa wilaya wakati huo. Maiti zilikuwa zikielea Mto Kagera. Ng'ambo ya mpaka, katika parokia ya Nyarubuye, maelfu ya watu waliokimbilia kanisani walikuwa wameuawa katikati ya mwezi huo huo, nao wauaji wengi walikuwa Wakristo waliobatizwa. Miongoni mwa waliovuka Rusumo walikuwamo watu wasio na hatia yoyote, pamoja na waliomwaga damu. Katika kambi ya wakimbizi ya Benaco, wilayani Ngara, ibada ziliendelea, na wenyeji wa Ngara walivumilia kuona miti yao ikiisha kwa kuni.

Wimbo wa kanisani ukiimbwa juu ya damu bila toba haustahili kuitwa furaha. Hilo lisemwe wazi, hata kama linauma, kwa sababu makanisa ya Kiprotestanti ya pande zote mbili za mpaka yalikuwa yamerithi uamsho ule ule.

Kosa jingine ni dogo kwa sura, ila hutokea kila wiki. Mjane anaambiwa asilie, eti machozi ni dalili ya imani haba. Mkulima aliyepoteza migomba yake kwa mnyauko anaambiwa ashukuru tu. Habakuki hakufanya hivyo. Alihesabu kwanza kilichopotea, mtini, mizabibu, mizeituni, nafaka, kondoo na ng'ombe, ndipo akasema atafurahi. Zaburi nyingi nazo huanza kwa malalamiko, na ni haki ya mfiwa kuzisoma kanisani kwa sauti.

Pale ambapo mfiwa hawezi kuimba, kwaya na jumuiya ndogondogo huimba kwa niaba yake. Pale ambapo kugusana kumekatazwa, kama Januari 2025, bado upo uwezekano wa kulima shamba la aliyewekwa karantini, kuacha chakula mlangoni, kupiga simu jioni na kuomba naye. Kutii maelekezo ya wahudumu wa afya kuhusu mazishi nako ni upendo kwa walio hai, na mchungaji anapaswa kulisema hilo kabla ya msiba kutokea, si siku ya maziko.

Katika vikundi, wajumbe wanaombwa kujadili jambo moja: katika usharika au parokia yao, nani anajua leo nyumba ambayo imeacha kuimba, na ni nani aliyepangiwa kuitembelea wiki hii?