Muuzaji Naye ni Mchunga

(Nasaha kwa wafanyabiashara Waislamu baada ya swala ya Alasiri)

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa walimwengu. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake.



Sheria ya Tanzania ya kudhibiti bidhaa za tumbaku ya mwaka 2003 inakataza kumuuzia sigara aliye chini ya umri wa miaka 18. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inakataza kumuuzia mtoto sigara na pombe. Zingatieni kwamba mzigo huu hakutwishwa mtoto, ametwishwa muuzaji.

Pombe haina mjadala kwetu. Katika hadithi iliyopokewa na Tirmidhi, Mtume (S.A.W.) amewataja watu kumi waliolaaniwa kwa ajili yake, wakiwemo muuzaji, mbebaji na mwenye kula thamani yake. Basi mzazi anayemtuma mwanawe kuileta nyumbani, atafakari anamweka mwanawe katika kundi gani.

Mtihani wetu uko kwenye sigara. Wanazuoni wengi wa zama hizi wamefutu kuwa ni haramu, na duka lisilokuwa nayo ndilo salama. Lakini wapo ndugu zetu ambao bado wanayo rafuni, na nyudhuru zao tunazisikia.

Wa kwanza husema: "Mtoto ametumwa na baba yake." Sheria haikumtoa aliyetumwa. Baba akitaka sigara, na aje mwenyewe.

Wa pili husema: "Nilimdhania ni mtu mzima." Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti tumbaku, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2007, umeweka njia: muuzaji akiwa na shaka, aombe uthibitisho wa umri. Kitambulisho cha Taifa hutolewa kwa aliyetimiza miaka 18. Asiyekuwa na uthibitisho, na arudi bila sigara. Nasi tumefundishwa kuliacha lenye shaka.

Wa tatu hujikinga kwa dini: "Huyu ameshabaleghe, miaka 18 ni ya serikali." Ndugu yangu, isome Suratun-Nisaa, aya ya 6. Yatima aliyefikia umri wa kuoa hakabidhiwi mali yake mpaka ionekane kuwa ana busara ya kuitunza. Ikiwa mali yake mwenyewe inahifadhiwa hivyo, vipi afya yake? Kubaleghe ni jambo moja, na kupevuka kwa akili ni jambo jingine.

Basi tufanye haya. Tubandike tangazo la katazo mahali linapoonekana. Tuache kufungua pakiti na kuuza sigara moja moja, kwani ndiyo bei ambayo mtoto huimudu. Na tusimwachie kaunta ya sigara kijana wa dukani ambaye yeye mwenyewe hajatimiza miaka 18.

Mtasema mteja atahamia duka la jirani. Na ahame. Riziki iko kwa Ar-Razzaq, wala haipungui kwa kumtii. Mkaguzi anaweza asifike mtaani kwenu mwaka mzima, lakini Allah (S.W.) anaiona kila shilingi inayoingia katika droo. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga. Mtoto anaposimama mbele ya kaunta yako na mzazi wake hayupo, mchunga ni wewe.

Tunamuomba Allah (S.W.) azitakase chumo zetu na avihifadhi vizazi vyetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.