VYOMBO VYA ZAMANI VILIVYOMO BANDANI

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Mbwara, katika kuadhimisha miaka 10 ya Chama Kikuu



Nimepewa robo saa, nami sitaizidisha, maana harufu ya pilau imekwisha kutufikia. Wenzangu waliotangulia wamesema habari za bei, mikopo na pembejeo. Mimi nimeombwa niseme habari za lile banda lililo nyuma ya ghala letu.

Mwajua kuwa Halmashauri inataka kulisafisha banda hilo, ili tupate pahali pa kuwekea magunia na salfa ya mikorosho. Mnunuzi wa chuma chakavu amekwisha kuja, ametazama, na ametaja bei yake kwa kilo. Leo alasiri mtapiga kura. Basi, kabla ya kuinua mikono, yafaa mjue ni vitu gani vitakavyopakiwa katika gari lake.

Tulivitoa vyote nje, tukavipanga juu ya turubai. Zilikuwamo hendeli mbili za lori, jeki ya kuzungusha kwa mkono, pampu ya kutilia upepo magurudumu, karabai tatu zisizo na kioo, spana tele zilizoshikana kwa kutu, keekee ya seremala, na tezo ambayo mpini wake umeliwa na mchwa. Ilikuwamo pia mikono miwili midogo ya ishara, ile iliyokuwa ikichomoza ubavuni mwa motokaa, kulia au kushoto, kabla taa za kumetameta hazijaenea. Kijana mmoja aliyekuwa akitusaidia alidhani ni vipande vya cherehani. Wazee walicheka, kisha wakanyamaza, na kila mmoja akaokota kitu akakifuta vumbi kwa kiganja.

Hendeli ndiyo iliyosemwa zaidi. Vijana wa leo hubonyeza kidude, gari likanguruma. Zamani dereva alivuta choki, akaingiza hendeli katika tundu la mbele, akaizungusha polepole mpaka aone injini inakataa, ndipo akaivuta juu kwa nguvu. Hakuisukuma chini, na kidole gumba alikilaza upande mmoja na vidole vingine, kwa kuwa injini ikirudi nyuma huweza kuvunja kifundo cha mkono. Huko Marekani, Charles Kettering alitengeneza mota ya umeme ya kuwashia gari, na magari ya Cadillac yakaanza kuuzwa nayo mwaka 1912. Hata hivyo Land Rover, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1948, iliendelea kuwa na tundu la hendeli kwa miaka mingi. Wenye kuitengeneza walijua kuwa betri iliyochoka, isiyoweza kuzungusha injini, bado yaweza kutoa cheche. Wazee waliolala na mizigo yao wakingoja kivuko cha Ndundu, kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, hawahitaji kuelezwa faida ya jambo hilo. Lakini na tuseme kweli: hakuna dereva aliyeisifu hendeli wakati wa kuizungusha kwenye mvua. Sifa zake zimekuja baada ya kustaafu.

Spana nazo zina mambo yake. Nyingi ni za inchi, tena za kanuni ya Joseph Whitworth, mhandisi wa Uingereza aliyependekeza kipimo kimoja cha uzi wa skrubu mwaka 1841. Spana ya namna hiyo ikiandikwa nusu inchi, mdomo wake si nusu inchi. Nambari ile yaonyesha unene wa bolti, si upana wa nati. Katika magari ya leo, ambayo ni ya milimita, spana hizo huteleza na kula nati. Ziuzwe, wala sina huruma nazo.

Sasa nafika kwenye kitu kilichonifanya nikubali kusimama hapa. Pembeni kabisa, chini ya magunia makuukuu, ipo mizani ya chuma ya kuwekea gunia, yenye mtaimbo mrefu na kijiwe cha kusogeza, pamoja na mawe yake manne. Kwa mnunuzi wa chuma chakavu hicho ndicho kitu kizuri kuliko vyote, kwa sababu ndicho kizito kuliko vyote.

Mizani ile ni wenzo tu. Kijiwe kidogo kilicho mbali na mhimili hulingana na gunia kubwa lililo karibu nao. Mkulima asiyejua kusoma aliweza kuona mtaimbo ukipanda, ukishuka, ukatulia katikati. Alijua pia mahali karani anapoweza kuweka kidole. Mizani yetu ya sasa ni ya umeme. Ndani yake kipande cha chuma hupindika kidogo mno chini ya mzigo, na waya mwembamba uliogandishwa juu yake hunyumbuka pamoja nacho, hata umeme unaopita hubadilika, na badiliko hilo ndilo ligeuzwalo kuwa nambari. Ni chombo kizuri. Kikiwa na muhuri wa Wakala wa Vipimo, sina shaka nacho. Ila mkulima haoni kitu isipokuwa nambari.

Msimu uliopita tuliyasikia manung'uniko. Korosho zilipimwa katika Chama cha Msingi, zikapimwa tena katika ghala kuu, na kilo zikapungua. Wengine walisema ni unyaufu, kwani korosho isiyokauka vizuri hupoteza maji njiani. Wengine walisema maneno ambayo sitayarudia mbele ya wageni. Katika mpango wa stakabadhi ghalani, uliowekewa sheria mwaka 2005 na kuanza kutumika kwa korosho huko Mtwara mwaka 2007, mkulima hulipwa kwa kilo zilizoandikwa. Kwa hiyo upungufu huo ni fedha yake. Na akikosa imani na mizani yetu, mtu wa kangomba yupo njiani na bakuli lake, akimngoja.

Kila moja la mawe yale manne limeandikwa 56, yaani ratili 56, ambazo ni kilo 25 na gramu 400. Biashara yetu ni ya kilo, nayo haitarudi kwenye ratili. Lakini jiwe ni jiwe. Kama Wakala wa Vipimo watayapima mawe haya na kutuambia kila moja lina uzito gani hasa baada ya kutu, twaweza kuyaweka mlangoni pa ghala. Kila asubuhi ya msimu, kabla ya gunia la kwanza, mwanachama yeyote atalipandisha jiwe juu ya mizani ya umeme mbele ya wenzake, na nambari isomwe kwa sauti. Unyaufu hauwezi kuingia katika chuma. Nambari ikikosea, kosa ni la mizani, na kazi isianze.

Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa nchini, na ununuzi wa mazao ukatiwa mikononi mwa mamlaka za mazao. Sheria ya kuvirudisha ikaja mwaka 1982. Katika misukosuko ya namna hiyo karatasi huliwa na mchwa. Chuma hubaki, kama hakikuuzwa.

Basi naomba azimio liandikwe hivi: spana, jeki, pampu na makopo yauzwe, karabai apewe fundi atakayeziweza, hendeli moja ipelekwe shuleni, watoto waione, mizani na mawe yake visitoke. Nauli ya kumleta mpimaji itolewe katika fedha ya chuma kitakachouzwa.

Orodha kamili anayo Bwana Katibu pale mezani. Kitu namba 23, kibomba kifupi cha shaba chenye uzi upande mmoja na kijicho cha kioo upande wa pili, hakuna aliyekitambua, hata fundi wetu. Mzee anayekijua tafadhali apite mezani kabla ya kura.