Mashua Inataka Banda
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Voi)



Tumeombwa kusema habari za mashua yetu, na twajua ya kuwa wengine mtacheka. Mashua Voi! Mahali ambapo mto wenyewe mara nyingi ni mchanga mtupu. Lakini msicheke sana, maana katika mashua hiyo zimo fedha za watu tisa, tulizotoa katika mishahara yetu mwezi baada ya mwezi, na mmoja wetu anastaafu mwezi wa Desemba. Fungu lake halimo benki, limo katika mbao zile. Zikioza, atakwenda kwake Sagalla mikono mitupu.

Kwa wale wasiojua, mashua ile ina urefu wa futi 16 na upana wa futi 5. Tuliinunua kwa mafundi wa pwani, tukaipeleka Ziwa Jipe kwa lori ili ivue samaki na fedha ziingie. Samaki walipatikana, hilo hatulikatai. Lakini ukingo wa ziwa lile si mahali pa kulaza chombo ambacho mwenyewe yuko mbali. Matete yameota kila mahali, na usiku viboko hutoka majini kula majani. Kiboko hazunguki kitu, hupita juu yake. Ndugu aliyekuwa akituangalizia alipohama, tulikwenda tukakuta makasia yameibwa na ubao mmoja wa ubavuni umepasuka. Basi tukairudisha Voi, kiasi cha kilomita 110 kutoka Taveta, tukadhani shida imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza inaanza.

Mwenye baiskeli huilaza chumbani. Mwenye kuku huwaweka chini ya kitanda. Mashua je, utaiweka wapi, nawe chumba chako ni kimoja, una mke na watoto wanne?

Mahali pa kwanza palikuwa chini ya mwarobaini, katika kiwanja cha mwenzetu. Tuliiweka kama inavyokaa majini, tumbo juu, na hilo lilikuwa kosa letu wenyewe. Jua la Voi likazikausha mbao, zikasinyaa, pamba ya kalafati ikaanza kudondoka. Mvua ilipokuja, mashua ikajaa maji kama birika, na mbu wakazaliwa humo hata majirani wakanung'unika. Tukaifunika kwa turubai na kuikaza kamba pande zote. Hapo tukaharibu zaidi, maana unyevu ulifungiwa ndani na mbao zikaota ukungu. Na siku tulipoinua mkuku tukaona udongo mwekundu umepanda. Mchwa.

Juu ya mchwa tuseme kidogo, kwa kuwa jambo hili latuhusu sisi watu wa reli. Mafundi wa vyombo huziita mbavu za mashua mataruma. Na sisi, vile vinavyolala chini ya reli twaviita mataruma vilevile. Neno ni moja. Na wale walioijenga njia ya reli kutoka Mombasa, kazi iliyoanza mwaka 1896, walitandika mataruma ya chuma sehemu nyingi, na sababu moja ilikuwa ni mchwa hawa hawa. Yaani tunatembea juu ya dawa kila siku ya kazi, lakini ya chombo chetu hatukuifikiri mpaka mkuku umeliwa upana wa vidole viwili.

Mahali pa pili palikuwa banda la mwenye nyumba mmoja hapa mjini. Bati juu, kuta hakuna. Tulilipa kila mwezi, na mwezi wa tatu tukakuta magunia ya mkaa yamepangwa juu ya mashua. Tulipolalamika akapandisha kodi, maana alikwisha kuona hatuna pengine pa kwenda. Tukalipa miezi miwili zaidi kwa aibu. Risiti hatukupewa hata moja, nasi hatukudai, sisi ambao katika mikutano hii husema kila siku kwamba mfanyakazi adai karatasi.

Hapo mmoja wetu akatoa shauri: kituoni kuna ghala, tuombe pembe moja. Tulilijadili tukaliacha. Ghala lile ni la mizigo ya watu, na siku kitu kimoja kikipotea mle, wa kwanza kuulizwa watakuwa wenye mashua. Mwingine akasema kuna mataruma ya zamani yamelala kando ya njia, tuchukue manne ya kuwekea mkuku. Hilo tulilikataa kwa sauti moja. Mali ya reli si yetu hata ikiwa imeshika kutu, na hakuna mashua inayostahili mtu kufutwa kazi na kupelekwa kortini.

Sasa tumefika mahali pa tatu, napo ndipo tunapotaka mkono wenu. Mwenzetu mmoja ana kiwanja chake mwenyewe, na nyumba yake ina ukuta wa mawe upande wa kusini. Tumejenga kipenu kando ya ukuta huo: urefu futi 20, upana futi 9, bati limeinama ili maji yasirudi ukutani. Nguzo tumezipaka oili chafu kabla ya kuzisimika. Chini tumeweka matofali ya saruji 12, na juu ya kila tofali kipande cha bati kilichopindwa kingo zake kwenda chini, ili mchwa akipanda ajenge njia yake nje tumwone. Kila Jumapili mtu mmoja kwa zamu huzunguka na fagio.

Mashua italala kifudifudi, na chini yake hewa ipite. Pwani tuliona wavuvi wakizipandisha ngalawa zao mchangani wakati wa kusi na kuzifunika kwa makuti. Makuti huzuia jua na huacha upepo. Turubai hatulitaki tena. Mbao zitapakwa sifa, na kabla ya kurudi ziwani mashua italowekwa majini siku kadhaa mbao zifure, ndipo kalafati mpya itazamwe. Makasia yatalala ndani ya nyumba. Mnyororo utapita katika pete ya omo na kuzunguka nguzo, na funguo ni mbili, moja kwa mweka hazina na moja kwa mwenye kiwanja.

Kosa moja tulilifanya hata hapa. Tuliipima mashua, tukasahau kuwapima wachukuzi. Mlango tuliuacha futi 6, mashua ikapita vizuri katika hesabu, lakini watu watano kila upande walikwama na mabega yao. Ikabidi kung'oa nguzo moja.

Wengine wameuliza: huyu mwenye kiwanja akifariki, au akiuza, mashua itakuwa ya nani? Swali hili ni zuri kuliko yote tuliyoulizwa. Tumeandika karatasi: kipenu na mashua ni vya watu tisa, kiwanja ni chake, na akitaka pahali pake atatupa notisi ya miezi mitatu. Watu tisa wametia sahihi. Mke wake naye tulimwomba atie sahihi, maana yeye ndiye atakayekaa na kitu hicho kila siku sisi tukiwa kazini, na hatukutaka asikie mambo haya dirishani. Yeye ndiye aliyetukumbusha ndovu. Wakati wa kiangazi huingia mashambani, na kipenu kikiwa karibu na ghala la mahindi ni kama kuwaalika. Tumelihamisha ghala.

Mzee mmoja wa reli alitusimulia habari za meli iliyopo Ziwa Tanganyika. Wajerumani waliipeleka Kigoma kwa reli, vipande vipande ndani ya masanduku. Mwaka 1916, waliposhindwa, waliizamisha wenyewe, lakini kwanza waliipaka mitambo grisi nyingi. Waingereza wakaiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza safari kwa jina la Liemba. Miaka mingi chini ya maji, na mitambo ikafanya kazi. Yetu ilikaa miezi minane chini ya mwarobaini ikataka kufa.

Yaliyobaki ni haya. Mabati matatu hayajapatikana, na mvua za vuli haziko mbali. Aliye na bati zima nyumbani, hata lenye matundu ya misumari, tutalinunua kwa bei ya haki na risiti atapewa. Na Jumamosi ijayo saa moja asubuhi, kabla jua halijawa kali, tutaipindua mashua. Tisa hatutoshi, mmoja wetu mgongo wake hauruhusu na wawili wako safarini na treni. Tunataka watu sita. Uji utakuwapo.