Maneno ya Halmashauri ya Ugawaji katika Mkutano wa Mwaka



Mwenyekiti ametutaka tueleze jinsi barakoa na sabuni zilivyogawanywa katika mitaa yetu ya Eastlands wakati wa maradhi ya Korona. Hesabu ya fedha imekwisha kusomwa na mtunza hazina, nasi hatutairudia. Tuliyo nayo ni habari ya kosa letu, na namna lilivyosahihishwa.

Mtakumbuka ya kuwa mgonjwa wa kwanza wa Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Tarehe 27 ya mwezi ule ule ikaanza amri ya kutotoka nje tangu saa moja ya usiku hata saa kumi na moja ya alfajiri. Mwezi wa Aprili ikawa sheria kuvaa barakoa mbele za watu, na asiyevaa aliweza kutozwa faini hata shilingi 20,000, au kufungwa hata miezi 6. Kwa msukuma mkokoteni wa Gikomba, fedha hizo ni mtaji ambao hajapata kuushika mkononi.

Basi tulipopata barakoa za kitambaa tulifanya haraka. Huko Kaloleni, Maringo na Jericho tulitumia orodha ya wapangaji wa nyumba za Jiji, kwa kuwa ilikuwa tayari. Lakini nani kati yetu asiyejua kwamba mwenye jina kitabuni mara nyingi siye alalaye ndani? Yeye yuko mashambani, au amehamia Kayole. Vyumba amewapangisha watu, na uani pana vyumba vya mabati vyenye wapangaji wengine tena. Vifurushi vyetu vilipokewa na wenye majina. Nyuma ya nyumba moja tulimkuta bibi mmoja mwenye shinikizo la damu, ambaye kila aendapo kuchukua dawa huazima barakoa ya jirani, kisha huirudisha ingali na unyevu wa pumzi. Tuliona haya.

Ndipo tukaenda kwenye mfereji. Akina mama wachotao maji humjua kila mtu: nani ana kisukari, nani ana pumu, mzee gani hajaonekana mlangoni siku mbili. Tulikaa nao asubuhi kadhaa, tukaandika daftari jipya kwa vyumba wala si kwa nyumba. Ugonjwa wa mtu hatukuuandika, ila alama tu, maana daftari huanguka mikononi mwa watu. Baadhi yetu walinung'unika kwamba orodha ya mfereji haina mhuri. Kweli haikuwa nao. Lakini bibi yule alikuwamo.

Tarehe 5 Juni 2020 Shirika la Afya Duniani likatoa shauri kwamba wenye miaka 60 na zaidi, pamoja na wenye maradhi ya siku nyingi, wavae barakoa za hospitali pale wasipoweza kukaa mbali na watu, na wengine wavae za kitambaa chenye tabaka tatu. Sisi tulikuwa tumefanya kinyume: zile chache za hospitali walizivaa vijana wetu waliogawa, na wazee tukawapa kitambaa. Vijana walizitoa bila maneno, nasi twawashukuru.

Sabuni nayo ilikuwa na shida yake. Siku mfereji ukikauka, mtu hawezi kununua mtungi wa lita 20 kwa ajili ya kunawa tu ilhali hajapika. Kwa hiyo nusu ya fedha ya sabuni tuliigeuza kuwa maji kwa wale wenye alama. Hatukuwauliza wanachama kwanza, na aliye na neno juu ya jambo hilo tutamjibu leo.

Chanjo za kwanza zilipofika nchini tarehe 3 Machi 2021, na baadaye mwezi ule wenye miaka 58 na zaidi wakaruhusiwa kuchanjwa, daftari lile ndilo tulilolitumia kuwaita wazee mlango kwa mlango. Sasa liko kwa katibu. Watu wengi wamehama tangu wakati ule, na vyumba vingine vina wageni tusiowajua. Twawaomba wazee wa kila mtaa wapite kwake kabla ya mwisho wa mwezi, wakifuatana na mama mmoja wa mfereji.